Nani Ajibu kwa Sahani Iliyochelewa?

Mteja ndiye aanze, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kinyongo. "Tulikaribishwa saa moja jioni," anasema, "tukawekewa chipsi za mahindi na kibakuli cha salsa. Kibakuli kikaisha, asitokee mtu wa kukijaza. Oda ikakaa dakika arobaini. Enchilada zilipofika zilikuwa zimepoa, jibini limeganda, maharage yamekauka ukingoni mwa sahani, na mke wangu aliyeagiza kuku akaletewa nyama ya ng'ombe. Mhudumu alipita ubavuni petu mara kadhaa, macho kayaelekeza kwingine. Bili ilipokuja, chini yake bakshishi ilikuwa imeshapigiwa hesabu: asilimia 15, asilimia 18, asilimia 20. Chakula nimelipa. Huduma sikuiona. Nilipie nini?"

Mhudumu anamjibu: "Baba, nilikuona. Nilipita bila kukutazama kwa sababu nikikutazama utaniita, na ukiniita nitasimama, na mikononi nina fajita za meza nyingine kwenye sahani za chuma zinazochoma. Nilichoandika mimi ni kuku. Jikoni wakatoa nyama. Usiku huu tupo wawili, tulipaswa kuwa wanne. Na kwa kila saa ninayosimama hapa, mwajiri ananilipa dola 2 na senti 13."

Maneno ya sauti hizi nimeyaunga mimi, ila hoja zao ndizo zinazogongana katika migahawa ya Kimeksiko ya Marekani, iwe Houston au Columbus, na kwa kawaida mjadala huishia hapo: mmoja anaitwa mvivu, mwingine anaitwa bahili, kila mtu anakwenda zake na hasira yake. Mimi nasema wanagombana wawili wakati mwenye kesi hayupo mezani. Mteja ana haki ya kulalamika, na sitaki historia yoyote ya mishahara itumike kumwambia kwamba enchilada iliyopoa ni ya moto. Anapokosea ni pale anapolipeleka lalamiko lake. Desturi ya bakshishi, jinsi ilivyoingizwa katika sheria za Marekani, imemfanya mgeni kuwa mlipaji wa mshahara na msimamizi wa kazi kwa wakati mmoja, bila kumpa nafasi ya kuona jikoni, wala ya kupanga zamu, wala ya kuamua mtu mmoja ahudumie meza ngapi. Anayeamua hayo yote ni mwenye mgahawa. Yeye ndiye wa kujibu, na mfumo uliopo unamruhusu asijibu.

Tuanze na hizo dola 2 na senti 13, maana msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kudhani tarakimu zimekosewa kuchapwa. Hazikukosewa. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaweka kima cha chini cha mshahara kuwa dola 7.25 kwa saa, na kiwango hicho hakijaguswa tangu mwaka 2009. Lakini kwa mfanyakazi anayepokea bakshishi, mwajiri anaruhusiwa kutoa dola 2.13 tu mfukoni mwake, dola 5.12 zinazobaki zinahesabiwa kuwa zimelipwa na wateja. Mlango huu ulifunguliwa mwaka 1966, pale Kongresi ilipowaingiza wafanyakazi wa migahawa na hoteli katika sheria ya kima cha chini na papo hapo ikamruhusu mwajiri kukata hadi nusu ya kima hicho kwa hesabu ya bakshishi. Dola 2.13 ilifikiwa mwaka 1991, ikiwa nusu ya kima cha wakati ule, na mwaka 1996 Kongresi ikaitenganisha na kima cha kawaida, kwa hiyo kima kilipopandishwa yenyewe ikabaki palepale. Bei za vitu Marekani zimezidi maradufu tangu wakati huo. Texas, jimbo ambalo chakula cha Kimeksiko ni chakula cha kila siku, linatumia kiwango hicho hadi leo. Kabla ya sheria hizi desturi yenyewe ilikuwa imeshatia mizizi mahali pabaya: baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kampuni ya Pullman iliyomiliki mabehewa ya kulala iliajiri wanaume Weusi waliotoka utumwani, ikawapa ujira mdogo na kuwaachia abiria waujazie. Wamarekani wengi wakati ule waliona aibu. Jimbo la Washington lilipiga marufuku bakshishi mwaka 1909, mengine kadhaa yakafuata, lakini kufikia mwaka 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa.

"Hayo ni ya wabunge," mteja anasema. "Mimi nina meza yangu na pesa yangu. Akinihudumia vizuri namwongezea, akizembea nampunguzia, kesho atajirekebisha. Kazi ya bakshishi si ndiyo hiyo?"

Ingekuwa kweli, ningemwachia hoja hii na kukaa kimya. Michael Lynn, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyeichunguza bakshishi kwa miongo kadhaa, alizikusanya tafiti nyingi zilizofanywa migahawani na kukuta kwamba uhusiano kati ya ubora wa huduma, kama wateja wenyewe wanavyoupima, na kiasi wanachoacha mezani ni mdogo mno. Kinachoongoza ni ukubwa wa bili. Na vitu vinavyoongeza bakshishi mara nyingi havina uhusiano na kazi: mhudumu anayechuchumaa kando ya meza mpaka macho yake yalingane na ya mgeni huachiwa zaidi kuliko aliyesimama wima, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, wahudumu waliomgusa mteja kidogo kiganjani au begani wakati wa kurudisha chenji waliachiwa zaidi kuliko wasiomgusa. Hakuna mguso wa bega unaopasha chakula moto. Tena, pesa iliyopunguzwa haina maelezo. Mhudumu anayekuta dola 2 mahali pa dola 8 hajui kama kosa lilikuwa salsa, au nyama iliyokuja mahali pa kuku, au lafudhi yake, au mteja alikuwa amegombana na mkewe garini kabla hawajaingia. Hawezi kujifunza lolote kutoka pengo hilo. Na hata angejua, mpishi aliyekosea hayumo katika hesabu hiyo, wala meneja aliyepanga watu wawili mahali pa wanne. Kumkata mhudumu kwa kosa la jikoni ni kama kumpunja konda nauli kwa sababu barabara ina mashimo.

Huduma mbaya huanza kupikwa kabla mgeni hajaegesha gari, na hilo linaonekana ukiitazama kazi yenyewe kwa karibu. Mpe mhudumu meza nane. Saa moja ina dakika 60, kwa hiyo kila meza ina dakika saba na nusu za mtu huyo kwa saa nzima. Ndani ya dakika hizo anapaswa kusalimia, kuleta chipsi na salsa, kuchukua oda ya vinywaji, kuvileta, kurudi kuchukua oda ya chakula, kueleza tofauti ya burrito na chimichanga kwa anayeuliza, kusubiri dirishani mwa jikoni, kubeba sahani, kurudi kuuliza kama kila kitu kiko sawa, kujaza maji, kuleta bili, kupitisha kadi, kuondoa vyombo na kufuta meza kwa ajili ya wanaosubiri mlangoni. Mpe meza nne, na kila meza ina dakika kumi na tano. Mtu ni yuleyule, tabia ni ileile, tabasamu ni lilelile. Kilichobadilika ni karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani nyuma ya jikoni. Sasa tazama chipsi, ambazo ndizo chanzo cha malalamiko mengi madogo. Katika migahawa ya Kimeksiko ya Marekani, hasa ile ya mtindo wa Texas, chipsi na salsa kwa kawaida hutolewa bure na hujazwa bure. Kwa sababu ni bure hazimo katika bili, na kwa sababu hazimo katika bili haziongezi asilimia yoyote. Kila safari ya kujaza kibakuli ni safari ambayo mhudumu halipwi na yeyote, si mwajiri anayetoa dola 2.13, si mgeni anayehesabu asilimia ya enchilada. Mgeni kwa upande wake amezoea kukichukulia kibakuli hicho kama kipimo cha heshima: kikikaa kitupu, anajiona amedharauliwa. Mwenye mgahawa ametoa ahadi ya ukarimu kwa jina lake, na kuitimiza amemwachia mtu mwingine.

Huduma inaweza kupangwa vizuri mtu akitaka. Casa Bonita, mgahawa mkubwa wa Kimeksiko uliofunguliwa mwaka 1974 huko Lakewood, karibu na Denver, una maporomoko ya maji ndani ya jengo na watu wanaojirusha majini kuwaburudisha walaji, lakini kwangu mimi kitu cha maana zaidi mle ndani ni kibendera kidogo kilichowekwa kila meza. Ukitaka kuongezewa sopapilla, andazi la kukaanga linaloliwa na asali, unakipandisha kibendera. Mgeni hahitaji kupunga mkono, kupiga mluzi wala kumvizia mhudumu kwa macho, na mhudumu hahitaji kuyakwepa macho yake. Aliyekifikiria kibendera hicho aliona tatizo mahali lilipo, katika mpango wa kazi, akaliondoa bila kumwambia mhudumu atabasamu zaidi.

Mwenye mgahawa amesikiliza mpaka hapa na uvumilivu umemwisha. "Ndugu mwandishi, unanihukumu bila kuvifungua vitabu vyangu. Hakuna mfanyakazi wangu anayeondoka na chini ya dola 7.25 kwa saa. Bakshishi isipotosha, sheria inanilazimu nimfidie, nami namfidia. Parachichi linapanda bei, nyama inapanda bei, kodi ya pango inapanda. Nikiweka watu wanne Ijumaa, faida ya wiki imekwisha. Na hao wateja wako wanaotaka huduma ya hoteli kubwa, taco ikiuzwa dola 6 wanasema nimewaibia."

Nusu ya maneno haya ni kweli na nitaikubali bila kusita. Kuhusu fidia, hata hivyo, kilichoandikwa na kinachotendwa vimeachana mbali. Kati ya mwaka 2010 na 2012 Wizara ya Kazi ya Marekani ilikagua karibu migahawa 9,000 yenye wahudumu wa mezani, na karibu asilimia 84 ilikutwa na ukiukaji wa aina fulani wa sheria za malipo. Sisemi mwajiri huyu ni mmoja wao. Nasema sheria inayotegemea kila mwajiri afanye hesabu ya bakshishi za kila mtu na kujazia penye upungufu ni sheria inayomwomba mdeni ajidai mwenyewe. Na pale ambapo pesa ya mgeni inapita katika mikono ya mwajiri, kishawishi ni kikubwa. Mwaka 2023 Wizara hiyo ilitangaza kwamba wamiliki wa taqueria mbili, yaani migahawa ya taco, za eneo la Sacramento, California, wametakiwa kuwalipa wafanyakazi 35 jumla ya dola 140,000. Saa za ziada hazikuwa zikilipwa ipasavyo na mameneja walikuwa wakigawiwa bakshishi za wafanyakazi. Mfanyakazi mmoja alieleza mahakamani kwamba waajiri walimleta mtu aliyejitambulisha kuwa padri awaungamishe wafanyakazi, akiwauliza kama wamewahi kuchelewa kazini, kumwibia mwajiri au kumtakia mabaya. Wazia mteja aliyekula pale jioni moja, akaacha asilimia 20 kwa moyo safi, akiamini amemshukuru binti aliyemhudumia. Sehemu ya shukrani yake ilikuwa inakwenda kwa msimamizi wa binti huyo.

Kwenye bei ndiko mwenye mgahawa ananibana, na mteja naye abanwe. Krishnendu Ray wa Chuo Kikuu cha New York, katika kitabu chake cha mwaka 2016, The Ethnic Restaurateur, ameonyesha kwamba vyakula vya mataifa mbalimbali havilipiwi sawa nchini Marekani, hata vinapodai ustadi sawa. Chakula cha Kifaransa na cha Kijapani kinaruhusiwa kuwa ghali. Cha Kimeksiko kinatarajiwa kuwa rahisi, kwa sababu watu hupima thamani ya chakula kwa kumtazama anayekipika na nafasi yake katika jamii. Mole, mchuzi wenye pilipili za aina kadhaa, mbegu, viungo na mara nyingine chokoleti, unaweza kuchukua kazi ya siku nzima. Mlaji anayeridhia kulipa dola 35 kwa mchuzi wa Kifaransa hulalamika akiambiwa dola 20 kwa mole. Bei hiyo iliyobanwa na mazoea ya wateja ndiyo inayobana idadi ya wahudumu, na idadi ndogo ya wahudumu ndiyo inayowarudia wateja katika sura ya sahani iliyopoa. Kwa hiyo mwenye mgahawa anaposema hawezi, namwelewa. Ila jibu lake liwe kuandika bei ya kweli kwenye menyu, hadharani, mteja aione kabla ya kuketi. Kuificha sehemu kubwa ya mshahara wa watu wake katika mstari wa mwisho wa bili na kuiita hiari si njia ya kupunguza gharama. Gharama ni ileile, ila imehamishiwa kwa mgeni kwa jina la ukarimu, na ikipungua anayeumia si mwajiri.

Jirani wa mteja ana maelezo mepesi zaidi: "Msijisumbue. Wameksiko ndivyo walivyo, hawana haraka. Ukitaka huduma nenda kwingine."

Huyu nampinga kwa nguvu zaidi kuliko wote, kwa sababu anafunga mjadala kwa kulaumu taifa zima. Ni kweli kwamba adabu za mezani zinatofautiana. Mexico, mhudumu kwa kawaida haleti bili mpaka uiombe, kwa kuwa kumwekea mgeni bili ambayo hakuiita ni sawa na kumwambia aondoke. Watu humaliza kula na kuendelea kuzungumza, na meza inahesabiwa kuwa yao. Mmarekani anayekaa Mexico City akisubiri bili ije yenyewe anaweza kuamini kwamba ametelekezwa, kumbe anaheshimiwa. Nyumbani kwao bili huwekwa mezani angali anatafuna, kwa sababu kipato cha mhudumu kinategemea meza ngapi zimepinduka usiku huo. Lakini adabu haielezi kuku aliyegeuka nyama ya ng'ombe, wala maharage yaliyokauka. Hayo ni makosa ya kazi popote duniani, na Mmeksiko aliyeletewa sahani hiyo kwao angeirudisha jikoni. Sheria ya Kazi ya Mexico, katika kifungu cha 346, inasema waziwazi kwamba bakshishi ni sehemu ya ujira wa mfanyakazi na kwamba mwajiri haruhusiwi kuchukua hata sehemu yake. Na tangu Juni 2025 marekebisho ya sheria hiyo yanawadai waajiri, wakiwamo wa huduma na biashara, wawape wafanyakazi wao viti vya kupumzikia badala ya kuwasimamisha zamu nzima. Sidai kwamba mhudumu wa Guadalajara anaishi peponi. Wengi huko nao hutegemea mkono wa mgeni kuliko mshahara. Nadai tu kwamba uzembe si desturi ya Kimeksiko, na kwamba anayesema hivyo anamwondolea lawama mwenye mgahawa na kumbebesha mhamiaji anayesugua sufuria.

Sasa inakuja sauti ya mjuzi wa biashara, na hoja zake ni nzito. "Waliojaribu unavyotaka wameshindwa. Danny Meyer, mmoja wa wenye migahawa wanaoheshimiwa zaidi New York, alitangaza mwaka 2015 kwamba anafuta bakshishi na kuingiza ujira katika bei. Mwaka 2020 akarudi nyuma. Hiyo hiyo Casa Bonita unayoisifu kwa kibendera, ilipofunguliwa upya mwaka 2023 chini ya wamiliki wapya, iliwaambia wahudumu watalipwa dola 30 kwa saa bila bakshishi, na baadhi ya wafanyakazi wakaandika waraka wa kuitaka bakshishi irudi. Na California, ambako mwajiri halipi 2.13 bali kima kizima, dola 16.50 kwa saa mwaka 2025, bado utaletewa sahani imepoa. Unataka ushahidi gani zaidi?"

Meyer alikuwa mtu mmoja aliyepandisha bei za menyu katika jiji ambalo menyu za majirani zake wengi zilificha ujira. Mteja aliyelinganisha karatasi mbili aliona yake ni ghali, ingawa mwisho wa jioni jumla ingelingana. Jambo linalowezekana kwa sheria ya wote mara nyingi haliwezekani kwa hiari ya mmoja, na ndiyo sababu majimbo saba, yakiwamo California, Nevada na Minnesota, hayakuwaachia wenye migahawa wachague kulipa kima kizima au la. Kuhusu Casa Bonita, wafanyakazi wale sina la kuwapinga. Mfumo wa malipo ulibadilishwa juu yao, na usiku mzuri wa bakshishi unaweza kuzidi dola 30 kwa saa. Mhudumu kijana, mwenye Kiingereza kizuri, aliyepangiwa Ijumaa na Jumamosi, ana sababu ya kuipenda bakshishi. Wa Jumatatu mchana haoni usiku huo, na mwosha vyombo haoni kabisa. Ninachotetea mimi hakizuii mtu kuachiwa shukrani juu ya mshahara. Kinazuia shukrani kuwa ndiyo mshahara. California ndiyo pingamizi ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu linanilazimisha niseme kwa usahihi ninachodai. Sidai kwamba ujira kamili unaleta tabasamu. Nadai kwamba mwajiri anayelipa saa nzima ya mtu kwa pesa yake ndiye anayeonekana kuwa mwenye kazi, na lawama inajua mlango wa kugonga. Hata hapo lazima mtu augonge.

Na watu hawaugongi. Ushahidi wa wazi kuliko wote umetoka Chipotle, kampuni iliyoanzia Denver mwaka 1993 na kuusambaza mlo wa Kimeksiko wa kaunta Marekani nzima. Kule hakuna mhudumu wa meza wala mshahara wa 2.13, mfanyakazi anapakua wali, maharage na nyama kwa kijiko mbele ya macho ya mnunuzi. Mwaka 2024 wateja walianza kulalamika kwamba kipimo kimepungua, wakapeana ushauri wa kumrekodi mpakuaji kwa simu ili aone haya na kuongeza. Mchambuzi wa benki ya Wells Fargo akanunua mabakuli 75 ya oda inayofanana katika matawi manane ya New York, akayapima kwenye mizani: zito kuliko yote lilizidi jepesi kuliko yote kwa asilimia 87. Julai mwaka huo mkuu wa kampuni, Brian Niccol, aliwaambia wawekezaji kwamba takriban tawi moja katika kila kumi lilihitaji kufundishwa upya na kusimamiwa. Maana yake wateja walikuwa na haki, na pia kosa lilikuwa la mafunzo na usimamizi, kazi ya ofisi. Lakini kamera zilielekezwa kwa kijana mwenye kijiko. Ni kampuni hiyo hiyo iliyokubali mwaka 2022 kulipa takriban dola milioni 20 kwa wafanyakazi wapatao 13,000 wa New York, baada ya jiji kuituhumu kuwabadilishia zamu bila taarifa na kuwabana katika likizo ya ugonjwa. Mtu ambaye hajui kesho anaingia saa ngapi ndiye ambaye mteja anamdai uchangamfu.

Hasira iliyokosa mlango humwangukia aliye karibu. Septemba 2023, huko Parma, Ohio, mwanamke mmoja hakuridhika na bakuli lake la burrito, akamrushia mfanyakazi usoni chakula kikiwa bado cha moto. Hakimu alimhukumu kifungo, kisha akampa njia ya kupunguziwa siku 60: afanye kazi katika mgahawa wa chakula cha haraka kwa miezi miwili. Wengi waliishangilia adhabu hiyo, nami naona ilikuwa na busara, kwa kuwa ilimpeleka mlalamikaji upande wa pili wa kaunta, mahali ambapo angeona mtu mmoja ana mikono mingapi. Lakini naumia nikifikiri kwamba aliyepata moto usoni ni mtu asiyepanga menyu wala bei.

"Haya," mteja anasema, na sauti yake imeshuka. "Lakini mimi bado nina sahani iliyopoa mbele yangu. Leo hii nifanye nini?"

Sema, na sema mapema, sahani ikiwa bado mezani. Usingoje ukafike nyumbani. Mwambie mhudumu kilichokosewa bila kumtukana, kisha omba meneja aje, na ukimpata muulize jambo moja ambalo wateja hawaulizi: leo mko wahudumu wangapi, na meza ngapi? Swali hilo linaliweka lalamiko mahali pake, na mhudumu aliyesimama pembeni atakushukuru kimoyomoyo. Dai kuku aliyeagizwa apikwe upya, au ile oda iondolewe kwenye bili. Kama uko Texas au jimbo lolote lenye kiwango cha 2.13, bakshishi iache kama ilivyo, kwa kuwa pale si zawadi, ni ujira wa mtu aliyefanya kazi ya watu wawili. Ukiandika maoni yako baadaye, andika siku, saa na idadi ya wahudumu uliowaona. Lafudhi ya aliyekuhudumia iache. Ukipunguza bakshishi, mwenye mgahawa hatajua hata kwamba ulikuja. Oda ikifutwa kwenye bili, hasara inaingia katika vitabu vya yule aliyepanga watu wawili siku ya Ijumaa.